Mama Aliyemwambia Mwanawe Akiri Kosa

Waheshimiwa watawa, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wenzake, na ninyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, familia za Ouk na Pen zinawashukuru kwa kuja katika theluji hii kumsindikiza Mama Ouk Savoeun, ambaye karibu nyote mlimwita Ming Voeun, yaani mama mdogo, hata wale mliokuwa na mama wadogo wa kuwatosha nyumbani kwenu. Mimi ninayesoma ni Pen Dararith, mtoto wa shemeji yake, na haya ninayosoma aliyapitia mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sehemu mbili alizoona zinamsifu mno, akaongeza moja inayomlaumu, na akaagiza isirukwe.

Marehemu alizaliwa kijiji cha Prek Norin, mkoa wa Battambang, Kambodia, katika mwaka wa Joka, wakati mpunga ukivunwa, yaani kama Desemba 1952, lakini karatasi zake zote zinasema tarehe 1 Januari 1952, kwa sababu ofisa wa kambi ya wakimbizi aliyemwuliza alikuwa na haraka na hakuwa na mahali pa kuandika Joka, na ndiyo maana nusu ya wazee wa hekalu hili wamezaliwa siku moja na hakuna anayeisherehekea. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ouk Phan na Mama Chea Yorn, katika watoto sita, na ndiye pekee kati yao aliyeuona mwaka 1979.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaachishwa ili amsaidie mama yake kuuza samaki wa kuchachusha sokoni, wakati kaka yake, ambaye hesabu zilimpiga chenga tangu siku ya kwanza, alipelekwa mjini kuendelea, na jambo hilo lilimuuma hadi mwisho, kiasi kwamba binti yeyote aliyemwambia kwamba anataka kuacha shule alikuwa anajitafutia makubwa. Aprili 1975 familia yote ilitolewa nyumbani kwa mtutu wa bunduki na wanamapinduzi walioitawala nchi hadi mwaka 1979, akapelekwa kuchimba mifereji, na kuhusu miaka iliyofuata alitaka tuseme tu kwamba alizika alioweza kuwazika.

Mwanzoni mwa 1978, siku ambayo hakuna aliyeiandika, viongozi wa kambi ya kazi walimpanga mstarini na wanawake wengine na kumwoza kwa Mzee Pen Chhoeun, mwanamume ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo, na walipovuka mpaka wa Thailand na kufika kambi ya wakimbizi ya Khao-I-Dang mwezi Desemba 1979, mume huyo alimwambia kwa upole kwamba sasa yuko huru kwenda zake, naye akamjibu, "Niende wapi, na tumbo hili? Nioe vizuri kwanza, halafu tutagombana kama watu wengine." Wakafunga ndoa upya mbele ya mtawa tarehe 12 Februari 1980, kwa hiari yao, bibi harusi akiwa na mimba ya miezi sita, na wakagombana kama alivyoahidi hadi Mzee alipofariki tarehe 30 Juni 2001. Mungu, au yeyote anayegawa watoto, aliwapa wawili, Vuthy aliyezaliwa kambini tarehe 3 Mei 1980, na Sotheara aliyezaliwa hapa Lowell, Massachusetts, tarehe 9 Agosti 1985.

Waliingia Lowell tarehe 14 Februari 1983, na mwaka uliofuata marehemu aliajiriwa kiwandani kuchomelea nyaya kwenye vibao vya kompyuta, kazi aliyoifanya hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1999, na wenzake wa mstari ule wamekaa hapo upande wa kushoto, wote wanavaa miwani minene, nadhani mnaelewa kwa nini.

Sasa tunafika pale alipoagiza pasirukwe. Mwezi Novemba 1998 vijana walipigana nje ya duka, mmoja akaumizwa, na Vuthy, aliyekuwa na miaka kumi na minane na aliyebaki ndani ya gari muda wote, akakamatwa pamoja na wengine, akapewa wakili aliyezungumza naye kwenye korido kwa muda wa kunywa chai. Ninyi mnajua kwetu mtoto akimkosea mkubwa hufanyaje, huleta mishumaa na udi, hupiga magoti, huinamisha kichwa hadi sakafuni na kukubali yote, hata ambayo hakuyafanya, kwa sababu kubishana ndilo kosa lenyewe, na mkubwa akishainamiwa hivyo hawezi kukataa kusamehe. Basi marehemu akamwambia mwanawe asubuhi ya kesi, "Usibishane na watu wazima. Kubali kila wanachosema, inamisha kichwa, wataona umelelewa." Vuthy akaviweka viganja vyake pamoja mbele ya hakimu, akainama, akakiri kila alichosomewa, mama yake akiwa nyuma anaitikia kwa kichwa kwa fahari, na hakuna mtu hata mmoja katika chumba kile aliyemwambia kwamba mtoto aliyezaliwa kambini, asiye na uraia, akikiri kosa la aina ile amekiri pia kufukuzwa nchini.

Alifungwa, akatoka, akafanya kazi, na mwezi Machi 2004, alipokwenda kuripoti uhamiaji kama alivyofanya kila mwaka, hakurudi, akapandishwa ndege kupelekwa Kambodia, nchi ambayo mguu wake haukuwahi kuikanyaga, na leo ni fundi wa pikipiki Battambang, ana mke na binti, na huyu binti anamjua bibi yake kwa sura ya kwenye simu tu. Tunasema wazi kwamba jambo hilo lilikuwa dhuluma, na marehemu hakutaka tulipake sukari siku ya leo.

Watu wengine wakipigwa hivyo hulala. Yeye alikuwa ameshaanza, tangu Vuthy alipofungwa mwaka 1999, kuwakusanya akina mama watatu wa pale kiwandani katika chumba kilicho juu ya duka la kufulia nguo, chumba ambacho wengi wenu mlikulia ndani yake, mkala supu ya ukwaju, mkafundishwa kusoma Kikhmer na kucheza ngoma za nyumbani, na mkafundishwa, kabla ya vyote hivyo, kwamba mahakamani hakuna mkubwa wa kuinamiwa na kwamba neno la kwanza ni wakili. Kila Jumanne akina mama hao walivaa vitenge vyao vya hariri vya hekaluni, wakaenda kukaa nyuma ya mtoto yeyote wa Kikhmer aliyeitwa siku hiyo, awe wa kwao au asiwe, na siku moja hakimu akauliza hao ni akina nani, marehemu akasimama bila kuitwa, akasema, "Sisi ni mama zake." Hakimu akauliza, "Wote?" Naye akajibu, "Wote, na wengine wako kazini."

Hakupendwa na kila mtu, na angechukia tukijifanya alipendwa. Mzee mmoja wa hekalu hili, ambaye yupo hapa na amekubali tuliseme hili, alimwambia kwamba anaianika aibu ya jamii, kwamba watoto wabaya ni matunda ya matendo ya maisha yaliyopita, naye akamwambia, "Kaka, wewe maisha yako yaliyopita yalikuwa mazuri sana, mwanao hajakamatwa bado." Mtoto wa mzee huyo alikamatwa mwaka uliofuata, na aliyekuwa wa kwanza kufika mahakamani, na chupa ya uji wa wali mkononi, ni Ming Voeun, na hakumkumbusha neno lile hata mara moja, jambo ambalo kwa aliyemfahamu ni muujiza. Mwaka 2011 wafadhili walipomwambia kwamba watoto wa shule wabaki na waliotoka jela waondoke, la sivyo msaada ukome, aliwakaribisha chakula, akawangoja washibe, kisha akawaambia, "Hao mnaotaka niwafukuze ndio waliopika." Msaada ukakoma, akina mama wakauza mishikaki ya mchaichai kwenye tamasha la mto kila Agosti, na mlango ule haukufungwa hata siku moja.

Mwezi Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, ugonjwa uliowachukua wengi wa rika lake, na daktari alipomshauri apunguze shughuli alimwuliza kama daktari ana mtoto, kisha akamwomba amfikishe hadi Oktoba, kwa kuwa wakili mpya, binti aliyekulia katika chumba kile kile, alikuwa amefaulu kuifungua upya kesi ya Vuthy. Tarehe 17 Oktoba 2023 aliingizwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu, akakataa kusema akiwa amekaa, tukamshika huku na huku, akamwambia hakimu, "Kijana huyu hakukiri kosa lake. Alikiri adabu yangu. Mimi ndiye niliyemwambia ainame, na ninyi mkaona kichwa kimeinama mkafurahi. Nirudishieni mtoto wangu." Kisha akakaa, na hakuinamisha kichwa.

Hali yake ilibadilika baada ya mwaka mpya, na tarehe 9 Januari 2024, siku ya Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia nyumbani, Sotheara akiwa amemshika mkono na Vuthy akimwimbia kwa simu, kabla ya hukumu kutoka. Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, na ninyi.

Wazee, mmeuliza tangu juzi kwa nini hakuna mtu aliyenyoa kichwa na kutembea mbele ya jeneza, nafasi ambayo ni ya mtoto wa kiume, na mkapendekeza niishike mimi. Nilimwuliza mwenyewe kabla hajafa, akaniambia, "Dara, ukinyoa kichwa chako badala ya Vuthy, nitakuja kukuvuta miguu kila ukilala." Kwa hiyo mbele ya jeneza leo patakuwa wazi, na tunawaomba msipajaze, wala msione haya kupatazama. Majivu yake pia hayataingia katika mnara wa hekalu baada ya siku mia, kama ilivyo desturi, yatakaa nyumbani kwa Sotheara, juu ya kabati, hadi Vuthy atakapokuja kuyabeba kwa mikono yake, iwe mwezi ujao au baada ya miaka kumi, na kama kuna anayeona ni mkosi, huo mkosi familia imeukubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana haikuwa kazi ndogo, majirani wa mtaa mliosafisha theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, watawa wetu, na akina mama wa Jumanne, ambao tunaomba wasimame tuwaone.

Hukumu ya Vuthy itasomwa Alhamisi, tarehe 22 Februari, saa tatu asubuhi, njooni mapema na mvae vizuri.

Ming Voeun, amani tunakutakia tangu leo, lakini kupumzika tutakuambia siku mwanao atakapoingia mlangoni.