Herufi Moja Ndani ya Kola

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika.

Marehemu aliacha maagizo matatu kuhusu wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu, maana jua ni kali na wazee wamesimama. La pili, asisifiwe upole, kwa kuwa hakuwa nao. La tatu, yale mashati arobaini yasomwe mbele ya watu. Binti yake wa pili, ambaye ndiye anayewasomea, alijaribu kubishana naye juu ya hilo la tatu, akajibiwa, "Ukiyaruka, nitakohoa humohumo kwenye sanduku." Kwa hiyo yatasomwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kola, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti la reli, na mama yake alifua nguo za watu. Inasemekana alizaliwa akilia kwa sauti kubwa hata treni ya saa mbili asubuhi ikapita bila mtu kusikia honi. Hayo ni maneno ya dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, na ambaye tangu tumjue hajawahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971, katika shule ya msingi iliyopakana na karakana hiyo. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alipokuwa darasa la sita mwalimu wa ufundi alileta mto wa mfano, wanafunzi wautazame na kuiga. Marehemu aliufumua wakati wa mapumziko akaushona upya, kwa sababu mshono ulikuwa umepinda. Alichapwa viboko vitatu. Alipokuwa akitusimulia alisema viboko viliuma kwelikweli, ila mto ulinyooka.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, lile jengo refu la bati kwenye barabara ya maghala. Alikaa laini ya tatu, kiti cha saba kutoka dirishani. Shati kiwandani hupita mkono kwa mkono: huyu anaweka mifuko, yule mikono, mwingine vifungo. Yeye alipewa kola, na kabla mwaka haujaisha hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. "Mkono wa shati ukipinda utaukunja," alikuwa akisema. "Kola ikipinda, utaificha wapi?"

Mkabala na geti la kiwanda alikuwapo kijana fundi baiskeli. Mnyororo wa baiskeli ya marehemu ulilegea mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya tatu alimfuma kijana mwenyewe akiulegeza kwa spana.

"Kumbe ni wewe!"

"Sasa ningefanyaje? Mnyororo ukikaza, wewe husimami."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Oktoba 1979, wakajaliwa watoto watatu. Mzee wetu huyu hapa mbele anasema hajawahi kufanya kazi nyingine ya hovyo yenye matunda mazuri namna ile.

Sasa tufike kwenye mashati.

Mwezi Mei mwaka 1994, washonaji wa kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya mpaka waligoma. Hawakudai makuu. Walidai milango isifungwe kwa kufuli wao wakiwa ndani, kwani palikuwa pameshawahi kuzuka moto na wenzao walitokea madirishani. Redio ilitangaza, kila mtu alisikia. Tajiri wa kile kiwanda na wa hiki cha kwetu alikuwa mmoja, na kufuli zilikuwa za aina moja.

Wiki ya kwanza ya Juni yakaingia mafurushi ya mashati yaliyokwisha shonwa kila kitu isipokuwa kola, ambazo zilikuwa zimebanwa upande mmoja tu. Msimamizi, aliyeitwa Bwana Saa kwa sababu alitazama saa kuliko alivyotazama watu, alisema, "Oda ya haraka. Malizieni, maswali baadaye." Marehemu akamalizia furushi zima. Mashati arobaini. Yalifungwa kamba Jumanne jioni, yakapakiwa kwenye lori, yakaenda.

Binti yake alimuuliza miaka mingi baadaye: mama, ulijua yametoka wapi? Akajibu, "Nilijua nusu. Nusu nyingine sikutaka kuuliza."

Asubuhi ya Jumatano tarehe 8 Juni alifungua furushi la pili. Shati la kwanza lilimsumbua. Mshono wa kola ulianzia kushoto badala ya kulia, na kola yenyewe haikutaka kulala. Akaanza kulalamika kwa sauti, kama kawaida yake: "Hebu tazameni, jamani! Huyu fundi ana mashoto ya mikono au ya akili?" Akaufumua mshono kwa hasira. Ndani, kati ya kitambaa na ule mkanda mgumu unaoisimamisha kola, akakuta kipande cha kitambaa cheupe chenye upana wa kidole, kimeandikwa kwa kalamu ya wino neno moja: *Msitumalize*.

Jirani yake wa kiti cha sita akakisoma, akacheka kidogo. "Wamekosea hao. Watu wa kule Kiswahili hawakijui sana. Walitaka kusema *msitumalizie*. Wameruka herufi."

Marehemu alikishika kile kitambaa, akakitazama mbele na nyuma. Kisha akasema maneno ambayo waliokuwapo wameyashika mpaka leo: "Hawajakosea. Tukiwamalizia, tumewamaliza."

Akazima mashine. Swichi yake ilikuwa mbovu, ikizimwa hulia kama kofi, na laini nzima ikageuka. Kitambaa kikapita mkono kwa mkono, namna mashati yalivyopita siku zote, na kila kilipofika mashine ikazimwa. Walikuwa wanawake arobaini na mmoja. Bwana Saa akaja mbio.

"Fundi Kola, vipi tena?"

"Nimeambiwa nisimalize."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mwenye kazi."

"Mwenye kazi si tajiri?"

"Tajiri ameshona nini hapa?"

Kabla ya adhuhuri walikuwa nje ya geti, wote arobaini na mmoja. Marehemu alitolewa na lile shati likiwa bado mkononi. Bwana Saa alipodai lirudishwe, alimjibu kupitia nondo za geti, "Halijaisha. Likiisha nitakuletea."

Walikaa nje wiki kumi na moja. Huo ulikuwa msimu mbaya nyumbani, na hakuna haja ya kuupamba. Marehemu alirudia kazi ya mama yake ya kufua nguo za watu, na Mzee aliziba pancha mpaka vidole vikapasuka. Binti anayewasomea alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwenye njaa na mdomo mrefu. Alimnunia mama yake wiki mbili, na siku moja, akichochea uji mwepesi kama maji ya kunawa, akamrushia swali: "Hao wa ng'ambo ndio watakaotulisha?"

Marehemu hakukasirika. "Hawatatulisha, mwanangu," alisema. "Lakini hawatatula."

Binti aliona hilo ni jibu la mtu mkaidi. Tarehe 17 Agosti habari zikafika kwamba wenzao wa ng'ambo wameshinda: milango itafunguliwa, kilichobaki ni kutia sahihi. Pale getini watu wakatazamana. Kila mtu aliwaza lilelile: basi, wao wanarudi kazini, sisi ndio tumeachwa kwenye mataa. Lakini wale wa ng'ambo walimuuliza tajiri, "Na wale wa upande wa pili?" Wakaambiwa hayo hayawahusu. Wakaweka kalamu chini. Walikaa bila kazi siku nyingine tisa, wakiwa wameshashinda, kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuwaona hata kwa picha. Ijumaa tarehe 26 Agosti sahihi zikatiwa, na milango ya viwanda vyote viwili ikaondolewa kufuli. Jioni ile marehemu alilia, jambo alilofanya mara chache, na binti yake akaacha kununa.

Alirudishwa kazini, ila si kwenye kola. Aliwekwa kukata nyuzi kama mwanagenzi, kwa miaka miwili, akizikata huku akiimba ili Bwana Saa asifurahi. Mwaka 1996 mteja mmoja akarudisha kontena zima kwa sababu ya kola zilizopinda. Kesho yake kiti cha saba kikawa na mwenyewe. Alikikalia hadi alipostaafu mwaka 2012, na kiwanda chenyewe kilifungwa miaka minne baadaye.

Tangu mwaka ule wa 1994 hakuna mgomo wala madai ya haki yaliyopita karibu naye akakaa ndani. Alisimama na wauguzi. Alisimama na wafagiaji wa barabara. Alipoambiwa hayo si mambo ya washonaji, aliuliza kama wauguzi hutembea uchi. Vijana wa chama walimletea barua za mshikamano azitazame kabla ya kutumwa nchi nyingine, na waliogopa kalamu yake kuliko ya mwalimu. Walipoandika "tuko nyuma yenu," aliifuta. "Nyuma mnafanya nini? Mnasukuma au mnajificha? Andikeni tuko nanyi."

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Mwaka uliofuata daktari alimweleza kwamba vumbi la pamba la miaka thelathini na saba lilikuwa limekaa kwenye mapafu. Akajibu kwamba na yeye amekaa kwenye pamba muda huohuo, kwa hiyo ni haki. Lakini alipojua kwamba hatapona, akaanza kusumbuliwa na yale mashati arobaini. Usingizi ulimpaa. Watu walimwita shujaa wa kuzima mashine, na kila alipoitwa hivyo alikunja uso. Mwishowe alimwandikia barua katibu wa chama cha ng'ambo: namtafuta mwanamke mwenye mashoto aliyeshona kola mwezi Mei 1994.

Alipatikana. Oktoba mwaka jana, baada ya safari ya basi ya siku moja na nusu, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha bluu alibisha hodi, akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Binti alikuwa akimimina chai. Marehemu hakungoja hata salamu ziishe.

"Dada, nilimalizia mashati yenu arobaini. Kabla ya kukiona kitambaa. Wengine hawajui, mimi najua. Nisamehe."

Mgeni aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Na mimi nikuambie. Ile wiki uliyozima mashine, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wanaorudi kazini. Nililiandika mimi mwenyewe, kwa mkono huuhuu. Watoto walikuwa na njaa. Kitambaa niliandika, halafu mwenyewe nikachoka. Tulipopata habari kwamba ng'ambo wamezima, nikaenda nikalikata jina. Wewe unaniomba msamaha? Mimi nilisimama kwa sababu yako."

Wakashikana mikono, wakalia bila kuficha. Kisha marehemu akafuta machozi akauliza, "Lakini niambie ukweli. *Msitumalize*. Ulikusudia, au uliruka herufi?"

"We dada! Shule niliikimbia darasa la nne, unanidai herufi?"

Walicheka mpaka kikohozi kikaingilia kati. Marehemu akaagiza lile shati litolewe kwenye sanduku la bati, ambamo lilikaa miaka thelathini bila kumaliziwa. Sasa aliyelianza alikuwapo, na ruhusa ilikuwapo. Mashoto alishona kutoka kushoto, marehemu kutoka kulia, kwa mkono, wakipokezana sindano moja. Mishono ilipokutana nyuma ya shingo ilipishana kidogo. Tuliomjua tulishika pumzi, tukingoja aifumue. Aliipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Iacheni."

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, saa tano kasorobo asubuhi, nyumbani kwake, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Ameacha pia, kwa maagizo yake mwenyewe kwamba waandikwe miongoni mwa ndugu na si miongoni mwa wageni, wenzake thelathini na wawili walio hai kati ya wale arobaini na mmoja, pamoja na dada yake Mashoto, ambaye amesafiri tena kuja, yupo safu ya pili, na ameruhusu habari zake zisomwe kama zilivyo.

Shati lile Mzee amelivaa leo. Mkimpa mkono wa pole, itazameni kola, na tafadhali mtu asimwambie alipeleke kwa fundi.

Jambo la mwisho. Wasichana wa kiwanda cha viatu, hapo chini ya daraja, leo ni siku yao ya kumi na tisa nje ya geti. Wanadai kufuli zitolewe milangoni. Tajiri wao ana kiwanda kingine upande wa Mashoto, na Mashoto anasema viatu vilivyokatwa vimeshaanza kufika kule, bila soli. Usiku wa kuamkia jana amewapigia simu wenzake wasivimalizie. Kwa hiyo tukitoka makaburini hatutanyoosha moja kwa moja kwenda nyumbani. Mzee atatangulia na baiskeli yake, tutapitia getini, na tutasimama nao. Nao, si nyuma yao.

Fundi Kola, lala salama, mama. Kazi hii yako, umetuambia tuimalizie.