Papa Bavon Ashuka Kutoka Juu ya Msufi

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 2002, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kupanda miti ya watu wengine, Papa Bavon Amuri anashuka rasmi. Alitakiwa kustaafu mwaka 1999. Sherehe iliandaliwa, kwanga za muhogo zikafungwa, nyimbo zikafanyiwa mazoezi, yeye akakataa. Mwaka uliofuata akakataa tena, na uliofuata huo vilevile. Kwa hiyo, ndugu wageni, mkiona leo chakula kimezidi, eleweni kwamba kampuni ya Miti Salama imekuwa ikiingojea siku hii kwa muda mrefu na kwa njaa nyingi.

Anayeandika ni Timothée. Kwa muda wote huo kazi yangu imekuwa kusimama chini nikiwa nimeshika kamba, na kazi ya Papa Bavon imekuwa kukaa juu na kunipigia kelele. Maman Kaswera, mwenye kampuni, alinipa karatasi na onyo: “Timothée, andika muzuri. Hapana andika yote.” Nimejitahidi kutii sehemu ya kwanza.

Kampuni yetu ilizaliwa kwa sababu ya bidhaa zilizokosa mnunuzi. Maman Kaswera na marehemu mumewe, Papa Edouard, walikuja Kisangani kutoka Butembo na chumvi, vitenge na misumari, jumla na rejareja. Ndani ya mzigo mmoja kulikuwa na misumeno ya mashine ambayo hakuna mtu aliyeitaka. Mtu wa Butembo hawezi kulala usingizi kitu kikiwa kimekaa bure dukani, basi Papa Edouard akaamua kuitumia mwenyewe, kukata na kupogoa miti ya mjini. Shida ilikuwa moja: aliogopa hata kupanda ngazi ya ghala lake. Siku moja alikwenda kununua samaki kwenye maporomoko ya mto, akamwona kijana amesimama juu ya gogo katikati ya maji yanayonguruma, anafunga fundo kwa mikono miwili, hajashika chochote. Alimwajiri palepale, na samaki akasahau kununua.

Papa Bavon ni wa ukoo wa wavuvi wa maporomoko. Kwao, miti mikubwa husimikwa ndani ya maji ya kasi, hufungwa kwa kamba za porini, na juu yake huning'inizwa mitego. Kutoka huko alileta kwetu mambo mawili: mafundo yasiyofunguka na majigambo yasiyokwisha. “Maji haikuniangusha,” alikuwa akisema kila asubuhi, “sasa muti ndiyo itaniangusha?” Mti ulimwangusha mara moja tu, nao ulikuwa mnsafu, mti mdogo wa matunda, usiofika hata kwenye paa la jiko. Alimwangukia mbuzi wa mteja. Mbuzi alipona upesi, lakini Papa Bavon alikula amesimama kwa wiki nzima.

Watu wengi hudhani adui wa kazi yetu ni urefu wa mti. Adui ni mteja. Mteja wa Kisangani anataka mti ukatwe lakini kivuli kibaki. Jirani yake anadai kuni, kwa sababu matawi yamekuwa yakimtupia majani uani tangu enzi za baba yake. Shemeji anakuja mbio kuomba tusubiri mpaka mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, washuke, maana huwezi kukata mti wakati mchuzi wa watu bado unatambaa juu yake. Umeme wa bwawa la Tshopo nao ulikuwa na tabia zake: hukatika siku kumi, kisha hurudi dakika ileile Papa Bavon anapopitisha mguu juu ya waya. Hajawahi kuguswa. Ila kuna maneno ya Kilingala aliyoyatamka siku moja ya namna hiyo ambayo hata mimi, niliyezaliwa hapa, sikuwa nayajua.

Kisha vita ikaingia mjini. Majeshi mawili ya wageni, marafiki wakubwa sana, yalikuja kutuokoa, kila moja likachukua upande wake wa mji, na yalipomaliza kutuokoa sisi yakaanza kuokoana yenyewe kwa mabomu. Mto ulifungwa. Petroli ikawa kitu cha kunusa kwa mbali. Na hata tulipoipata, Papa Bavon alipovuta uzi wa kuwashia msumeno, barabara nzima ililala kifudifudi. Ndipo akaanzisha utaratibu wake: kabla ya kuwasha, alipita nyumba kwa nyumba akigonga mabati. “Bamama, ni miye Bavon. Iko masini, haiko bunduki. Musilale chini!” Baada yake nilipita mimi kuwaamsha wale waliokuwa wamekwisha kulala. Kazi ya nusu saa tuliifanya kwa asubuhi nzima.

Hilo nalo halikudumu. Jeshi moja liliazima msumeno ili kuangusha miti ya kufungia barabara, likaurudisha bila mnyororo, likashukuru sana. Jeshi la pili halikutaka kuonekana halina urafiki nasi, likaazima kamba zetu za nailoni, zikaenda kuanikia sare. Maman Kaswera alilia siku moja, siku ya pili akatutuma msituni juu ya toleka, baiskeli za kubeba abiria, Papa Bavon kwenye ya mbele, mimi nyuma. Tulirudi na mashoka mawili na mizigo ya kamba za porini kama zile za maporomokoni. Papa Bavon alifurahi kupita kiasi. Aliona ulimwengu umekubali mwishowe kwamba njia ya kwao ndiyo njia.

Mwezi wa nane, mwaka 1999, marafiki wale wawili waligombana kwa mara ya kwanza, na bomu moja likaupiga msufi ulio kando ya nyumba ya uzazi ya Mama Alphonsine, mkunga wetu, hapahapa tulipoketi leo. Mnaujua msufi huo. Tawi lake kubwa, nene kuliko pipa, lilipasuka pale linapoungana na shina likalala hewani juu ya paa, limeshikiliwa na nyuzi tu. Chini ya paa hilo walikuwa wamelala wazazi na vichanga. Mama Alphonsine hakuwa na mahali pengine pa kuwahamishia. Alituita. Lilikuwa jambo la kukata, la siku mbili, kazi tuliyoijua.

Lakini shina lilikuwa upande mmoja wa kinjia, chini ya jeshi moja, na tawi lilikuwa upande wa pili, juu ya jeshi jingine. Mkuu wa upande wa shina alituambia tunaweza kukata, ila tawi likianguka kwa jirani, jirani ataliita shambulio. Mkuu wa upande wa tawi alisema tawi liko katika hewa yake na halitaguswa bila makubaliano ya pande zote. Makubaliano yenyewe, alitueleza kwa upole, yalikuwa yanajadiliwa nchi za nje, hotelini. Tulisimama pale na mashoka yetu. Juu yetu tawi lilikuwa linalia kama mlango mbovu.

Papa Bavon alikuna kichwa. “Bamekataza kukata,” alisema. “Kufunga, je? Nani amekataza kufunga?” Hakuna aliyekuwa amekataza, maana hakuna aliyekuwa amewahi kufikiri juu yake. Basi alipanda, akalivuta tawi kwa mafundo ya kwao, akalifunga kwenye shina mzunguko juu ya mzunguko, kama gogo la mtego katikati ya maji. Liliinuka, na mpasuko ukajifumba. Wazazi walipiga vigelegele dirishani. Yeye alishuka amevimba kichwa hivi kwamba nilihofia kofia yake.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo Maman Kaswera angependa niliruke. Kamba za maporomokoni huishi ndani ya maji na rasharasha usiku na mchana. Katika ukoo mzima wa Papa Bavon hakuna aliyewahi kuona fundo kavu. Jua la wiki moja lilipozipiga zile za msufi, zilianza kukatika uzi mmoja mmoja, na tawi likashuka kiganja kizima kuelekea paa. Papa Bavon alilitukana jua, akautukana mti, na nilipofungua mdomo akanitukana na mimi. Kisha alikaa chini. Nilimwonea huruma kweli. Alipoinuka alichukua ndoo, akapanda, akazinywesha zile kamba moja baada ya nyingine mpaka zikalainika. Tangu siku hiyo alipanda asubuhi na jioni. Pale zilipochakaa alizungusha mpya, nazo akazimwagia maji.

Ndiyo sababu alikataa kustaafu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, kila mtu aliyasikia yakilia alipopita, lakini ukimtajia sherehe alijibu swali kwa swali: “Nikishuka, nani atainywesha?” Hakumwamini mtu mwingine na fundo lake, hata mimi. Mtaa nao ukajizoesha. Ikawa ukienda kumwona mzazi na mtoto wake kwa Mama Alphonsine, unabeba ndoo ya maji ya mti. Askari wa pande zote mbili walishuku ni ibada, wakatuma wapelelezi, na baadaye wapelelezi wenyewe wakaja na ndoo kuomba warudi kwao wazima.

Mwezi wa sita mwaka 2000 marafiki waligombana tena, safari hii kwa siku sita, na mji haujasahau. Mabomu yalipoanza, Papa Bavon alikuwa amefika kunywesha kamba, akafungiwa ndani pamoja na Mama Alphonsine na wazazi. Haya yote nimeyapata kwake mkunga, kwa sababu mhusika mwenyewe hupenda kujisifu kwa kila kitu isipokuwa hili. Mvua haikunyesha. Juu ya paa walisikia kamba zikikatika. Maji yaliyobaki yalikuwa yale ya kupokelea watoto tu, na Mama Alphonsine akakaa mbele yake.

“Maji hii iko ya batoto,” alimwambia.

“Na nyumba ikibaangukia, bataogea wapi?”

Waligombana hivyo, watu wazima wawili, huku dunia inapasuka nje. Aliyewaamua ni Cathy, aliyekuwa ametoka kujifungua na amelala chini ya kitanda. “Bon, basi,” alisema kutoka huko chini, “ogesha mutoto kwanza, kisha peleka ile maji ku muti.” Ikawa hivyo kwa siku zote zilizobaki. Kila kichanga kilipooshwa, maji yake yaliingia ndooni, na Papa Bavon alitambaa nje, akapanda msufi na ndoo begani, mabomu yakipita juu na chini yake. Mama Alphonsine alimwona dirishani akilia huko juu, mikono ikiendelea kumwaga. Mwenyewe anasema lilikuwa vumbi. Tawi lilishika. Wazazi wote walitoka wazima, na mtoto wa Cathy, Précieuse, ambaye maji yake yalitangulia kupanda, leo ameketi mstari wa mbele na amekwisha kuchafua nguo ya sherehe.

Majeshi ya wageni yalipoondoka mjini, ofisi moja mpya ilitaka kujua kwa nini tulifunga mti bila ruhusa. Tuliomba basi ruhusa ya kulikata tawi. Tulipita dirisha hili na dirisha lile, na wiki iliyopita ruhusa ikatoka, ina mihuri mitatu. Tawi linaruhusiwa kukatwa, kwa sharti kwamba lisianguke. Maman Kaswera alinunua petroli, akafunga mnyororo mpya kwenye msumeno, na Papa Bavon akapanda, polepole sana, kufanya kazi yake ya mwisho.

Nilikuwa chini na kamba yangu. Nilingoja mashine iungurume, sikusikia kitu. Alikaa huko juu mpaka shingo yangu ikauma. Kisha sauti ikashuka, ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake: “Timothée. Iko inajishika.”

Ndani, chini ya zile kamba mpya za juujuu, zile za kwanza zilikuwa zimeoza na kubaki unga. Gome lilikuwa limekua juu ya mpasuko, limelifumbata tawi upande hadi upande, na majani mapya yalikuwa yametoka mpaka kwenye ncha. Hatujui tangu lini. Huenda kwa msimu mzima, huenda zaidi, mtu huyu mwenye magoti yale alikuwa akipanda kila asubuhi na kila jioni kulinywesha tawi ambalo halikumhitaji tena. Nilidhani atakasirika. Alishuka anacheka, machozi yanamtoka, na safari hii hakukuwa na vumbi. Akamwambia Maman Kaswera, “Mama, panga sherehe yako.” Aliniomba nisimwambie mtu, asije akachekwa. Samahani, Papa, nimewaambia wote.

Tawi halikukatwa. Ruhusa tumeitunza, kwani ina mihuri mizuri. Desturi ya ndoo inaendelea, ila kuanzia leo Mama Alphonsine anaomba ndoo ziingie ndani, kwenye tangi la chumba cha wazazi, ambako bomba halijatoa tone tangu kabla ya vita. Nani atalijaza tangi lake si swali la Papa Bavon tena.

Papa Bavon, kampuni inakushukuru, na mtaa unakushukuru, hata yule mbuzi angekushukuru kama asingekwisha kuliwa. Mimi nakushukuru kwa kelele zote, maana mtu anayepiga kelele huko juu ni mtu ambaye bado hajaanguka. Mito ijaze mitego yako samaki, magoti yapumzike, na usipande tena kitu chochote kilicho juu kuliko kitanda. Tawi linajishika sasa. Shuka, Papa, taratibu. Miye niko huku chini, kamba nimeishika.