Bodi Iliyofaulu Bila Mkono Wake

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Mama Mlango atazima taa ya benchi namba nne na kurudisha funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha simu, na safari hii anaondoka kweli. Tunasema kweli kwa sababu tumeshamuaga mara mbili, tukakata keki mara mbili, na mara zote Jumatatu yake tukamkuta benchini amevaa miwani yake ya kukuzia.

Aliingia akiwa fundi wa kulehemu, kazi ya kuinama na kunusa moshi kutwa nzima. Miaka sita baadaye alikuwa akichora saketi ambazo wenzake walizilehemu, nao wakamtania kwamba amehamia upande wa wanaokosea. Jina la Mama Mlango alilipata kwenye kikao kimoja kirefu. Simu za wakati ule zilipewa njia tofauti ya kupitishia mawimbi kwa kila kizazi cha mtandao: kikuzaji chake, kichujio chake, swichi yake, hadi bodi, ule ubao wa saketi ndani ya simu, inajaa pomoni na betri haina pa kukaa. Yeye alisimama akasema nyumba moja haihitaji mlango kwa kila mwanafamilia. Wote wapite mlango mmoja.

Wageni wa idara aliwaeleza hivi. Mtandao wa kizazi cha pili ni babu: ananguruma, ananyamaza, anaanza tena. Cha tatu ni baba, hapigi kelele lakini hanyamazi. Cha nne ni mjukuu, anasema mambo mia kwa pamoja na anataka yote yasikike. Kazi ya mlango ni kumwachia babu angurume bila kumziba mjukuu masikio. Wengi wetu tumeielewa kazi hii kwa familia hiyo kuliko kwa vitabu tulivyosomea. Kizazi cha tano kilipobisha hodi, alisema kitukuu amezaliwa, tupanue kizingiti.

Mlango wake wa kwanza ulikataa mara tisa. Mara ya kumi ukafaulu na kuingia sokoni, na tangu hapo bodi kumi na saba zimetoka kwenye benchi lile. Mumewe, fundi seremala, anasema ameoa mtu asiyesikia maneno ya kwenye simu, anasikia mikwaruzo tu. Mdogo wake alipompigia kumweleza kwamba amejifungua mapacha, Mama Mlango alimwomba arudie habari hiyo akiwa dirishani, kisha airudie akiwa jikoni. Mapacha wenyewe sasa wako sekondari na bado wanamdai maelezo.

Mara zote mbili aliahirisha kustaafu kwa ajili yetu, na aliyeumia ni mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na minne, aliyekuwa ameahidiwa kwamba binti yake atarudi kukaa naye. Mwaka jana Mama Mlango alipompigia kumwambia tarehe imesogea tena, bibi huyo alimjibu, "Sauti yako inanifika vizuri, mwanangu. Wewe ndiye hujafika." Alitusimulia huku akicheka, kisha akaenda kunawa uso.

Ndiyo maana bodi yake ya mwisho ilitutia wasiwasi. Ilikuwa ya simu ndogo ya vizazi vitatu, na ilipaswa kukabidhiwa kabla hajaondoka. Mwezi wa tano ikaanza visa. Akiipima yeye, inafaulu. Nikiipima mimi ninayerithi benchi lake, inakataa: babu akinguruma, mjukuu hasikii kitu. Bodi ileile, nyaya zilezile, mashine ileile. Siku nne tulibadilishana kiti. Kwenye korido wakasema bodi imemzoea, na mimi sikuweza kucheka. Mkurugenzi naye, kwa nia njema, akaandaa barua ya kumwomba abaki mwaka mmoja zaidi. Sote tuliiona mezani kwake ikisubiri saini.

Siku ya tano aliniambia nisitazame kioo cha mashine, nitazame mikono yake. Mkono wa kulia ulishika kipimio. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimekandamiza kona ya kifuniko cha bati kinachofunika kikuzaji. Ni tabia yake ya miaka yote, kubana bodi isiteleze, na wala hakuwa na habari nayo. Kifuniko hicho alikichora mwenyewe, na kona hiyo aliisahau kuiwekea lehemu. Kidole kikikandamiza, bati linagusa bodi na kelele za babu zinabaki ndani. Kikiondoka, zinavuja. Alikiinua kidole chake. "Kosa ni langu," alisema, "na hiki ndicho kilichokuwa kinanifichia."

Akaongeza matone mawili ya lehemu, akatoka, akakaa kwenye kiti cha korido na mikono kaibana kwapani, asije akagusa kitu. Nikapima peke yangu. Babu, sawa. Baba, sawa. Mjukuu, sawa. Nikarudia mara tatu, nikafungua mlango, nikamwitikia kwa kichwa. Alishusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa mkono wa koti la kazi. Mkurugenzi aliichana barua yake mbele yetu, akasema hajawahi kufurahi hivyo kupoteza mfanyakazi. Tangu siku hiyo bodi imepimwa na watu sita wenye vidole vya kila aina, na haijakataa hata mara moja.

Mama Mlango, pengo lako tutaliona kila asubuhi, hilo hatufichi. Lakini zaidi ya yote tumepata ahueni, kwa sababu kazi yako imesimama yenyewe na wewe uko huru kwenda. Asante kwa subira, kwa utani, na kwa kukiri kosa mbele ya mtu uliyekuwa unamfundisha. Tunakuombea afya na usingizi wa mchana. Ukaishi karibu na mama yako, karibu kiasi kwamba akitaka kukuita hahitaji simu.