Nilivyokunywa Mafuta Kuutibu Moyo

Ndugu zangu na dada zangu, amani iwe kwenu. Mchungaji ameniomba nisichukue muda mrefu, kwa sababu kibali cha mkutano wetu kinaisha saa kumi, na wale askari wawili mlangoni wana saa mkononi. Nitakwenda kwa utaratibu. Jina la mtu sitalitaja. Siku hizi jina likikutoka kinywani hujui litalala wapi.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye nauza nyama pale Majengo, chini ya msikiti. Kuchinja anachinja jirani yangu Mwislamu, ili mtaa wote uweze kula, na mimi kazi yangu ni kuchuna, kukata na kupima. Leo mnaniona mwembamba. Miaka mitatu iliyopita mkanda wangu ungewatosha watu wawili. Nilikuwa najivunia. Katika kazi yetu, mteja humwamini muuza nyama aliyeshiba. Ukiwa mkavu atakuuliza hiyo nyama unayouza mbona wewe huili.

Tena tuna desturi yetu. Mafuta yanayozunguka figo hayapimwi, ni ya mwenye kisu. Kila asubuhi niliyakaanga kwenye kikaango changu cha chuma, nikala na chai, kisha nikawasha sigara, na ile iliyokuwa inaisha ikawasha iliyofuata. Hali ya Hatari ikaingia. Watu wakahamishiwa vijiji vya nyaya na mahandaki, watoto wakaanza kulala na njaa. Mimi sikupungua hata kidogo. Nasema hivyo kwa aibu, lakini nimekuja hapa kusema ukweli.

Ugonjwa ulianza mwezi wa saba, ule wa baridi na ukungu. Nilikuwa nimebeba paja la ng'ombe begani, nikipanda kutoka machinjioni kule chini mtoni kwenda dukani. Katikati ya mlima nikahisi kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia juu ya kifua. Uzito ule ukapanda mpaka taya, ukashuka mkono wa kushoto hadi kidole cha mwisho. Nikasimama. Nikahesabu mpaka mia moja na kitu, ukaniacha. Nikaendelea na safari. Kesho yake, mahali pale pale, ukarudi.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda hospitali. Ukisema hapa kwetu kwamba kifua kinakusumbua, watu wanasikia kifua kikuu. Nani atanunua nyama kwa mtu mwenye kifua kikuu? Tena leseni ya kuuza nyama inataka karatasi ya daktari kwamba u mzima. Nikanyamaza. Hata mke wangu sikumwambia.

Mama yangu mzazi ndiye aliyenigundua, maana mama haangalii unene, anaangalia macho. Akaniambia kwamba kifua changu kimekauka na kinataka mafuta. Mnajua desturi yetu. Mwanamke akijifungua, anapewa mafuta ya kondoo dume yaliyoyeyushwa. Mtu akivunjika, ni hayo hayo. Mama akaniyeyushia, nikawa nakunywa kikombe kizima kila asubuhi, cha moto, kabla ya chai. Mama alinitibu kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Na mimi kila nilivyozidi kuumwa, nilimwomba aongeze.

Baada ya miezi michache nilikuwa nasimama mara tatu katika mlima ule mmoja. Nikatafuta namna ya kuficha. Pale penye kalvati, mtaro wa maji unaopita chini ya barabara, nilisimama nikageuka kama mtu anayeutazama mto. Pale penye duka moja lililofungwa kwa misumari, nilisoma matangazo ya serikali mlangoni. Na pale kwenye kona ya nyaya, niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Kila siku, mahali pale pale, saa ile ile.

Ndugu zangu, fikirini. Ni Hali ya Hatari, msitu wa wapiganaji uko juu pale unatuangalia, na mtu anasimama kila siku mahali patatu, anageuka, anainama. Mimi niliona nimejificha vizuri sana. Homgadi wa pale juu, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, akaona mtu anayepeleka ishara msituni.

Walinikamata asubuhi moja, nyama ikiwa bado begani. Katika kituo nikaulizwa nasimama kufanya nini. Nikasema nafunga kamba za viatu. Yule homgadi akanitazama miguuni.

"Viatu yako ni ya tairi," akasema. "Kamba iko wapi?"

Nikasema basi nilikuwa nasoma matangazo.

"Hiyo karatasi ni ile ile tangu mwezi jana. Bado hujamaliza? Ama unaikariri uje utuimbie?"

Watu wakacheka. Nikaona sasa hakuna njia nyingine, nikasema ukweli, kwamba nikipanda mlima kifua kinanibana na lazima nisimame. Ndipo wakacheka zaidi. Homgadi akanipiga kofi la tumbo, si kwa nguvu, kama mtu anayepima ng'ombe sokoni.

"Na hii mwili yote, ati mgonjwa? Wewe umekula ng'ombe mzima, sasa unasema ng'ombe imekukalia kifua."

Mkubwa wa kituo, Mzungu kijana, hakucheka. Alieleza kwa Kiswahili chake kwamba lori la kambi ya wafungwa ya Mwea linaondoka Jumatatu. Mnajua wanaume wanaopelekwa Mwea wanafanya nini. Wanachimba mifereji ya mpunga tangu jua litoke hadi lizame. Mimi nilikuwa siwezi kupanda mlima wa Majengo. Nilijua kwa hakika kwamba nikishikishwa jembe kule, sitamaliza juma.

Nikamwomba anijaribu. Nikamwambia anipe askari, nishuke naye mpaka mtoni, nipande na mzigo wangu kama siku zote, na askari aangalie kwa macho yake. Akafikiri, akakubali. Akaniambia kwamba nikirudi na uongo mwingine, Jumatatu ni yangu.

Askari niliyepewa alikuwa mtu wa kutoka magharibi ya nchi, mrefu, mkimya, asiyejua Kikuyu hata neno. Tukashuka. Tulipoanza kupanda, Majengo yote ilikuwa milangoni. Wateja wangu, majirani, mama mboga. Kila mtu alijua nimeshikwa.

Kwenye kalvati jiwe likaja kifuani. Na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Mwili wangu, kwa mazoea, ukageuka wenyewe kuutazama mto. Uso ukajinyoosha. Nilikuwa nimejifunza kuficha mpaka sikuweza tena kuacha. Nikafahamu kwamba nikiendelea hivi, huyu askari ataona mtu anayetazama mto, basi. Nitapelekwa Mwea kwa sababu ya ufundi wangu mwenyewe wa kuficha.

Muuza nyama haweki nyama chini mbele ya wateja. Ni afadhali avue suruali. Mimi nikaishusha ile nyama, nikaiweka vumbini, nikakaa chini barabarani mbele ya watu wote, nikashika kifua kwa mikono miwili.

"Afande, ni hapa," nikamwambia. "Ni sasa hivi."

Askari akapiga goti. Akanifungua kola, akanishika kiganja, akautazama uso wangu. Kulikuwa na baridi ya kuvaa koti, na mimi jasho lilikuwa linanidondoka kidevuni.

"Usiongee, mzee. Pumua tu."

Maumivu yalipopungua akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake alikaa hivyo hivyo shambani siku moja, na wao watoto wakadhani ni uvivu. Baba hakuinuka tena. Kisha askari akabeba ile nyama yangu yenye vumbi, akanipandisha pole pole, tukisimama kila niliposema tusimame.

Homgadi alikuwa na maneno yake tayari, lakini askari alimjibu mkubwa wake maneno machache. "Mdomo inaweza kudanganya, afande. Jasho ya baridi hapana."

Nikapelekwa hospitali chini ya ulinzi. Daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza maumivu yanaanza lini na yanaisha lini, ninavuta sigara ngapi, ninakula nini. Nilipofika kwenye kile kikombe cha asubuhi, aliweka kalamu chini. Akanipa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi, na karatasi ya kunitoa mikononi mwa polisi. Kisha akaniomba jambo la ajabu. Nikirudi juma lijalo, nimletee moyo wa ng'ombe.

Nikauleta. Mioyo niliyopasua katika maisha yangu haina hesabu, na siku ile niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Juu ya moyo, kwa nje, kuna mishipa myembamba inayotambaa kama mizizi. Daktari akanionyesha kwa ncha ya kisu kwamba moyo, ingawa umejaa damu ndani yake, wenyewe hunywa damu kupitia mishipa hii midogo tu. Kwa mtu kama mimi, akasema, mafuta hujijenga ndani ya kuta zake mwaka baada ya mwaka, yakaganda, yakawa magumu, na njia ikabaki nyembamba. Ukikaa, damu inayopita inatosha. Ukipanda mlima moyo unataka zaidi, haipati, unalia. Na ikiziba kabisa, kipande cha moyo kinakufa, na mara nyingi mwenyewe anakufa nacho.

Nikamwambia kwamba mfereji wa dukani kwangu ukiziba kwa mafuta namwaga maji ya moto. Je, nikinywa maji ya moto sana? Alicheka, akasema hana dawa ya kuyeyusha kilichokwisha kuganda. Ninachoweza ni kuacha kuongeza. Sigara basi, mafuta basi, mwili upungue, na nitembee kila siku pole pole, nikisimama kabla ya maumivu.

Ndugu zangu, nawaambia, kuacha sigara kulinitesa, lakini kazi kubwa ilikuwa kurudisha kikombe cha mama. Alilia. Alidhani namshuku kuwa ni mchawi. Nikamkalisha, nikaupasua moyo wa ng'ombe mbele yake kama daktari alivyonipasulia, nikamwonyesha ile mizizi. Akaigusa kwa kidole. Halafu akauliza kama maharagwe yanaruhusiwa.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, hayo mafuta ya figo kuanzia leo yanakwenda kwenye mizani kama nyama nyingine." Akanipikia viazi, mboga na maharagwe bila tone la mafuta. Mwezi wa kwanza nilikula kama mfungwa. Nilisimama kutwa katikati ya nyama, mate yananitoka, nikamkatia kila mtu isipokuwa mimi. Na nikatembea. Kwanza mpaka kwenye kalvati tu na kurudi. Kisha mpaka lile duka lililofungwa. Ilinichukua misimu miwili ya mvua kupanda mlima wote, bila mzigo, bila kusimama. Siku hiyo yule homgadi alikuwa kwenye kona yake.

"Leo husimami?" akaniita. "Sasa ndiyo nitakushika."

Tukacheka wote wawili, na hilo mimi nalihesabu kuwa sehemu ya kupona kwangu.

Sisemi nimepona kabisa. Vidonge viko hapa mfukoni. Njia iliyopungua haijapanuka, nimeizuia tu isizidi kufungwa, na nitaizuia kila siku nitakayopewa. Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, na mama yangu, aliyekubali kujifunza katika uzee wake. Namshukuru yule daktari. Yule askari alihamishwa kabla sijampa mkono. Popote alipo, namwombea asiitwe mwongo siku atakapoumwa.

Nilichojifunza ni hiki. Unene niliouita afya ulikuwa unanifunga njia ndani, na kuficha kwangu kulikuwa karibu kunimaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. Najua katika viti hivi kuna mtu anayesimama mlimani na kujifanya anatazama mandhari. Sikutaji, na usiinue mkono. Kesho asubuhi nakwenda hospitali kuchukua vidonge vyangu. Nitatoka hapa mlango wa kanisa saa mbili. Njoo twende pamoja. Mimi natembea pole pole.