Anayekimbia Siku za Mazoezi ya Ndani

Benchi letu la Chuno limeegemea ukuta wa karakana ya baiskeli ya Josephu, ambaye tunamwita Spoku kwa sababu ya wembamba wa miguu yake. Zuberi anauza kahawa, kwa vikombe vidogo mno, nimeshamgombeza mpaka nimechoka. Wa tatu ni Ernesto wa bodaboda. Babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, basi tunamwita Maputo, na Maputo yenyewe hajawahi kuiona. Alhamisi ile asubuhi tulikuwa na mgeni katikati yetu: Ehsan wa duka la vitenge, kibonge mwenye roho nzuri. Figo za dada yake Alia zimekufa, anaishi kwa kusafishwa damu, na Ehsan ndiye aliyeonekana anafaa kumpa moja ya zake. Daktari akasema sawa, ila apunguze unene kwanza. Ndipo akashika ratiba ya kwenye simu: leo anakimbia mpaka Mtawanya na kurudi, kesho anabaki sebuleni kwao anapiga pushapu na kuchuchumaa. Alhamisi ni siku ya ndani. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wanamwona barabarani hata siku za ndani, na yeye anaapa hajatoka. Basi leo ameacha pushapu, amekuja kukaa na sisi, amwone huyo mwenye sura yake.

Maputo: Juzi Jumanne nimekupita pale Likombe, nikakupigia honi. Ukanipungia mkono.

Ehsan: Jumanne nilikuwa sebuleni. Kamuulize mama.

Maputo: Basi aliyenipungia alivaa fulana yako. Halafu hana jasho.

Zuberi: Katoka huko kote anakimbia, hana jasho?

Maputo: Mkavu kabisa.

Nilimwambia Maputo atupunguzie uongo, kahawa yenyewe bado ya moto. Hapo Spoku akaweka spana chini.

Spoku: Hata mimi nimemwona. Tena si mara moja.

Ehsan: Mzee Spoku, na wewe?

Spoku: Mwembamba, kachongoka. Nikasema moyoni, kijana anajitahidi, Alia atapona huyu. Jioni naja dukani kwako kununua doti, nakuta tumbo liko palepale, limelala juu ya kaunta.

Tulicheka. Ehsan hakucheka, na mimi nikaona aibu.

Ehsan: Mizani ya hospitali haishuki. Daktari anadhani nakula kwa kujificha. Mama kafunga kabati la sukari kwa kufuli, ananiangalia kama mwizi. Na Alia miguu inazidi kuvimba.

Zuberi: Mimi nalaumu hiyo ratiba ya simu. Umepakua ya bure, eti? Vya bure vina mambo yake. Huyo mwalimu wa humo anasemaje ukichoka?

Ehsan: Anasema, "Usiniache peke yangu, tuko wawili."

Zuberi: Umesikia mwenyewe! Wawili wewe na nani?

Maputo: Simu haina miguu, Zuberi. Mimi naona hivi. Nguvu anayoijenga pale sebuleni haikai kwake. Inatoka mlangoni, inakwenda zake kukimbia. Yeye anabaki na uchovu, mwenzake anachukua faida.

Zuberi: Kwa hiyo anamfanyia mwenzake mazoezi?

Maputo: Anamlea.

Spoku: Nyie mnacheza. Hivi akipita hapa, mlikuwa mnamwita?

Zuberi: Nani?

Spoku: Huyo. Mlikuwa mnamwita jina?

Tulikuwa tunamwita, tena kila akipita. Tunasimama sisi wa benchini tunapiga makofi: "Ehsan! Kaza, Ehsan! Ya Alia hiyo!" Na mwenye sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Iwe siku ya kukimbia, iwe siku ya ndani, nani alikuwa anatazama kalenda?

Spoku: Kwetu Newala, kinyago kikitoka kucheza, hata kama umeitambua miguu ya shemeji yako, humwiti. Ukimwita jina lake, umelitoa nje jina hilo. Litapata wa kulivaa.

Zuberi: Sisi tulijua ni Ehsan, mzee. Tulikuwa tunamtia moyo tu.

Spoku: Na moyo mmemtia.

Maputo: Mnakumbuka lakini? Mwanzoni tukimwita alikuwa hageuki. Baadaye akawa anageuza kichwa kidogo. Juzi ndiyo kapunga mkono.

Jua lilikuwa limeshapanda, akina mama wanapita na ndoo za samaki, na mimi niliogopa. Nasema kweli, niliogopa mchana kweupe, nikasogea karibu na Zuberi ambaye kwa kawaida simpendi kiasi hicho.

Ehsan: Mbona leo hapiti?

Tulitazama barabara. Ilipita trekta, wakapita wanafunzi, hakupita mwingine.

Zuberi: Kakuona umekaa hapa, kaona haya.

Maputo: Haya ya nini? Anafuata ratiba. Ehsan akiwa ndani, yeye nje.

Spoku: Na Ehsan akiwa nje?

Ehsan alisimama, akakaa tena.

Ehsan: Siku ninazotoka asubuhi kukimbia, nikirudi, ule mkeka wangu wa mazoezi naukuta umetandikwa. Una joto. Nilidhani ni jua la dirishani.

Zuberi: Dirisha la sebuleni kwenu si linatazama magharibi?

Kabla hajajibu, bajaji ilisimama mbele yetu. Alia alikuwa anakwenda hospitalini kusafishwa damu, akamwona kaka yake. Aliteremka polepole kwa miguu ile iliyovimba, akatuamkia wote, kisha akamtazama Ehsan kwa muda, usoni, halafu tumboni.

Alia: Kaka, nimekuacha nyumbani sasa hivi.

Ehsan: Nimetoka tangu alfajiri, Alia.

Alia: Umemaliza pushapu, ukapanda kwenye mizani ya mama. Uzito umefika pale pale alipotaka daktari. Mama amelia kwa furaha. Ukaniambia nitangulie, unaoga unakuja, leo leo umwambie daktari uko tayari.

Spoku: Nnungu wangu, Mungu wangu.

Ehsan aliinuka akamshika dada yake mkono. Alia hakuutoa. Wala hakuonekana kuogopa, na hilo ndilo lililonitisha mimi. Alionekana amechoka tu, amechoka sindano, amechoka kungoja. Akatugeukia sisi watu wazima wa benchini, akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia:

Alia: Yule wa nyumbani yuko tayari, na huyu bado. Nimkubalie?

Dereva wa bajaji alikuwa hajazima injini. Ehsan bado alikuwa amemshika dada yake mkono.