Shangazi Aliyeshindwa kwa Makusudi

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Shangazi wa chumba cha ukaguzi atarudisha ufunguo wa kabati lake na kustaafu. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi. Kumbukumbu za ofisi ya utumishi zinaonyesha kwamba hajawahi kukosa siku bila taarifa. Aliugua mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa macho.

Hakuna anayekumbuka ni nani alianza kumwita Shangazi. Sasa wote humwita hivyo, pamoja na mlinzi wa lango la nyuma ambaye amemzidi miaka mitatu.

Aliajiriwa kampuni ikiwa bado kiwanda cha kuchapa. Kazi yake ilikuwa kusoma vijitabu vya maelekezo ya pasi, redio na pampu za maji kabla havijapigwa chapa. Mitambo ilipouzwa, ghorofa ya pili ikajaa vijana wa kompyuta wanaotengeneza michezo ya video, na wenzake wengi wakaondoka. Yeye alibeba kalamu zake akapanda ngazi. Alisema maneno ni maneno tu, yawe ya pasi au ya zimwi.

Siku za mwanzo huko juu zilimchosha. Michezo ilitungwa na watu wanaoijua kompyuta barabara, na Kiswahili wakakiona ni jambo la kumalizia. Mfano mmoja unatosha. Fundi wa programu aliandika neno "amekwisha", akaacha nafasi kabla yake ili kompyuta ijaze yenyewe kitu chochote kilichopungua. Wachezaji wakasoma kwamba maji amekwisha, kamba amekwisha na mahema kumi amekwisha. Shangazi alipolalamika, fundi alimjibu kwamba kompyuta haijali.

"Haijali, mwanangu, kwa sababu haina ndugu," akamwambia. "Kwenye Kiswahili kila kitu huja na ukoo wake. Huwezi kuwavisha wote shati moja."

Fundi akaziandika sentensi upya, ukoo baada ya ukoo. Ilimchukua wiki tatu, na wiki zote hizo hakumsalimia. Leo ndiye anayemletea chai.

Lakini jambo ambalo idara ya udhibiti ubora itamkumbuka nalo zaidi ni kushindwa. Wachezaji wa majaribio huajiriwa kwa ustadi wao. Hucheza, hushinda, kisha huandika ripoti kwamba maneno yako sawa. Katika mwaka wake wa nane, Shangazi, ambaye hakujua hata kitufe cha kurukia kiko wapi, alizama mtoni katika dakika ya pili ya mchezo mmoja. Maneno yaliyotokea kwenye skrini yalikuwa na makosa manne katika mistari mitatu. Akaanza tena, akaungua moto. Makosa matano. Ndipo akaelewa kwamba upande ule haukuwahi kusomwa na mtu, kwa sababu katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyewahi kushindwa.

Tangu hapo alishindwa kwa mpango, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kuandika kila kifo kwenye daftari: nimeanguka darajani nikiwa na mzigo, nimeliwa na fisi, mkuki mkononi, nimekufa kwa kiu, maji yakiwepo. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kabla yake, humpokea mlangoni kwa swali moja: "Leo umekufa mara ngapi?" Akijibiwa hamsini na tatu, humpa pole, kisha huuliza jana zilikuwa ngapi.

Kushindwa si kazi rahisi kama inavyodhaniwa. Mchezaji wetu hodari kuliko wote, tunayemwita Bingwa, aliwahi kupewa zamu ya kumsaidia. Fisi akija, kidole cha Bingwa kinabonyeza chenyewe na fisi anakufa. Saa nzima ikapita hivyo. "Shangazi, mkono unakataa," akalalamika. Shangazi akamwambia, "Basi ukalie." Bingwa akaukalia, akacheza kwa mkono uliobaki, akashinda.

Halafu kuna mchezo wa msafara.

Ulitoka miaka kumi na moja iliyopita. Mchezaji huongoza watu kumi na sita kuvuka jangwa la chumvi, na akikosea hesabu ya maji, anawazika mmoja baada ya mwingine. Siku ya kuuachia, orodha ya Shangazi ilikuwa na makosa mia mbili na kumi na manne, yote yanajulikana, yote yana namba. Mkurugenzi wa wakati huo alisema watu wanacheza, hawasomi. Mchezo ukatoka nayo.

Shangazi hakugomba. Aliandika barua ya mistari miwili akiomba jina lake liondolewe katika orodha ya waliotengeneza mchezo, ile inayopita kwenye skrini mwishoni, kwa kuwa uamuzi haukuwa wake. Likaondolewa.

Mchezo huo, pamoja na makosa yake, ndio uliotupa jina. Unachezwa kwenye foleni za benki na kwenye vibaraza vya hospitali. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna kitu alichokigusa kilichofika mbali kiasi hicho, na ndicho pekee ambamo jina lake halimo. Mjukuu wake aliumaliza wakati wa likizo, akasoma orodha ya majina hadi chini, kisha akamgeukia. "Bibi, wenzako wote wamo. Wewe siku hiyo ulikuwa umelala?" Shangazi alitusimulia hayo akicheka. Kicheko hakikuwa kirefu.

Oktoba iliyopita ikaamuliwa kwamba mchezo wa msafara utengenezwe upya na kutolewa Juni. Shangazi akaomba apewe kuusafisha kabla hajaondoka, na akajiwekea sharti mwenyewe mbele ya kikao: jina lake lirudi siku kosa la mwisho litakapoondolewa. Alipewa miezi minane, fundi wa programu na watu watano.

Wanaodhani kusahihisha ni kufuta herufi moja na kuweka nyingine wangekaa na watu hao wiki moja tu wangebadili mawazo. Sentensi ikinyooshwa inarefuka. Ikirefuka inatoka nje ya kisanduku chake. Kisanduku kikipanuliwa kinafunika kitufe, kitufe kikisogezwa mchezo unakwama, na atakayeukwamua atagusa sentensi nyingine iliyokuwa nzima. Ukiziba hapa, panavuja pale. Machi yalibaki makosa tisini. Mei, thelathini na moja. Kufikia Juni watu walikuwa wakijibizana kwa kutikisa vichwa, na Shangazi akisoma skrini akiwa amefumba jicho moja ili kulipumzisha.

Tarehe 12 Juni, saa nane mchana, siku ya mwisho ya kutia sahihi ya kuuruhusu mchezo utoke, yalibaki mawili. Yote yalikuwa kambi ya mwisho, pale msafara mzima unapokufa kwa kiu, mwendo wa saa moja kabla ya kisima. Kufika hapo ni saa nne za kucheza vizuri, kisha kushindwa. Kuyatoa kungechukua siku nne, kwa sababu mchezo ukiguswa popote hukaguliwa wote upya.

Mkurugenzi wa sasa alipanda mwenyewe na fomu mkononi. "Shangazi, safari hii hakuna wa kuamua juu yako," akasema. "Ukisema tusubiri, tunasubiri. Wa nje wanaousubiri mchezo nitawajibu mimi."

Fundi wa programu alikuwa amelala, paji la uso juu ya kibodi, na skrini yake ilikuwa ikijaa herufi moja, mstari baada ya mstari. Mkewe alikuwa amejifungua Jumanne. Yeye alikuwa amemwona mtoto mara mbili tu.

Shangazi alijua kuliko yeyote ni nani atakayeyasoma makosa hayo mawili. Ni mtu aliyefika karibu na mwisho na kupoteza kila aliyekuwa naye, yaani msomaji yuleyule aliyemtetea kwa miaka kumi na tisa. Akamtazama fundi kwa muda.

"Mwacheni aende kwake," akasema.

Kwenye nafasi ya makosa yanayojulikana akaandika mawili, akatia sahihi. Karani anayetunza orodha ya majina, ambaye alikuwa ameshaliandika la Shangazi, akilikumbuka sharti la Oktoba, akamsogelea na kumwuliza polepole kama alifute jina. Sote tulidhani jibu tunalijua.

"Liache. Yale ya kwanza waliyapitisha wao. Haya nimeyapitisha mimi. Mtu akiyaona, ajue wa kumlaumu."

Mchezo ulitoka tarehe 16. Jina lake liko mstari wa tisa kutoka juu, chini ya neno Ukaguzi. Barua ya kwanza ya malalamiko ilifika siku tatu baadaye, kutoka kwa mchezaji ambaye msafara wake uliishia kambi ya mwisho. Ameyataja makosa yote mawili, na barua ameielekeza kwa Shangazi, kwa jina lake kamili. Shangazi ameshamjibu. Amekiri, ameomba radhi, na amempa pole kwa watu wake kumi na sita.

Kwa niaba ya ghorofa zote mbili, asante kwa kazi, Shangazi. Tunakuombea siku ndefu na tulivu, zisizodai sahihi ya mtu.