Zamu ya Kupokea Wageni

Pale Mabatini, ukishapita duka la vipuri vya baiskeli na kabla hujaanza kupanda kwenda kwenye nyumba zilizobanana na mawe, kuna benchi la mbao lisilo na mwenyewe. Kila mwenye hoja na asiye na kazi ya haraka hufika hapo jioni, akanywa kahawa ya Moza, akaitengeneza nchi, kisha akarudi kwake ambako hata kitasa cha mlango kimemshinda kutengeneza. Siku hiyo Krismasi ilikuwa imepita na mwaka mpya haujafika, zile siku ambazo kila mtu ana mipango mikubwa na mfuko mtupu. Revocatus, fundi friji ambaye kijiwe kizima kinamwita Baridi, alifika akiwa amenuna. Baada ya chakula cha jioni yeye na mkewe Paskazia walikuwa wakae chini wapange bajeti ya mwaka mzima, na bajeti ilikuwa haikai sawa kila alivyoigeuza.

— Moza, nipe cha moto. Leo nina mtihani, — alisema akijitupa benchini.

— Mtihani wa nini na umri huo? — Moza akamimina.

— Bajeti. Binti yangu Queen anaingia kidato cha kwanza Januari. Paa la jikoni linavuja. Nimepunguza kila kinachopunguzika, bado. Kimebaki kimoja tu, na hicho hakipunguziki.

— Kipi?

— Mjomba.

Kijiwe kikaangua kicheko. Mjomba mwenyewe ni mzee Shigela wa Magu, kaka wa marehemu mama yake Revocatus. Alikuja mwezi wa tano kutibiwa macho, na gunia dogo la michembe, viazi vile vya kukausha, akasema anakaa wiki mbili. Macho yakatibiwa, michembe ikaliwa ikaisha, na mjomba bado yupo sebuleni. Revocatus si mtu mbaya, na hapo ndipo palipomuuma. Alikuwa ameamua kwamba jioni hiyo, kabla ya kukaa na Paskazia, atamwambia mzee arudi kwake, na tangu asubuhi alikuwa anatafuta neno la kuanzia.

— Baridi, tatizo huna mbinu, — alisema Nestory, muuza mashati ya mtumba, ambaye mwenyewe huvaa yale yaliyokosa mteja. — Mgeni humwambii kitu. Unashusha mboga, anaelewa mwenyewe.

— Nimeshusha, kaka! Tulikuwa tunakula sato. Nikashusha, tukahamia furu. Nikashusha tena, dagaa. Unajua alisemaje? "Afadhali, mpwa wangu, yule sato alikuwa na miiba, na macho yangu haya."

— Ukaendelea kushusha?

— Nishuke niende wapi? Chini ya dagaa kuna chumvi tu, Nestory.

— Kata king'amuzi, — alidakia Nurudin, dereva wa bajaji. — Wageni wengi wanakaa kwa sababu ya tamthilia. Haijaisha, na yeye haondoki.

— Nilikata mwezi wa tisa. Jioni ya kwanza tu mzee akaanza hadithi za fisi. Wanangu wakakaa kimya, kitu ambacho sijawahi kukiona. Jioni ya pili wakaja watoto wa jirani. Sasa hivi sebule imejaa kama darasa, na Paskazia anawapikia uji wote, maana hatuwezi kunywa peke yetu mbele ya watoto wa watu. Yaani nimebana matumizi mpaka matumizi yakaongezeka.

Moza alicheka mpaka akaweka birika chini. Revocatus naye akacheka, ingawa kicheko chake kiliishia njiani.

— Hiyo ya kwako nafuu, — alisema Nestory. — Mwaka jana mashemeji zangu wawili walipogoma kuondoka, nikabandika kibao mlangoni: nyumba inauzwa. Nikajua watafungasha. Wapi! Mmoja akageuka dalali. Anawatembeza wateja mpaka chumbani kwangu, anawaonyesha kitanda, anadai na asilimia yake.

— Ukapata mteja?

— Nikampata mwenye nyumba, kaja na mjumbe. Nyumba yenyewe si nimepanga?

Hapo hata mpita njia mmoja alisimama kucheka bila kujua kinachochekwa. Ndipo Msafiri akakohoa. Msafiri anaitwa Meya kwa sababu hakuna shida ya mtu Mabatini ambayo hana suluhisho lake, isipokuwa za kwake.

— Mmemaliza kulia? — aliuliza Meya. — Sasa sikilizeni mipango. Wake zenu wanacheza mchezo, au hawachezi?

— Wanacheza, — alijibu Nurudin. — Kila mwezi wanachanga, mmoja anabeba zote. Mwezi unaofuata mwingine.

— Basi na sisi tucheze wageni. Kila mwezi wageni wote wa kijiwe wanahamia nyumba moja. Nyumba nyingine zinapumua. Kila familia inajua mapema mwezi wake mbaya ni upi, inauwekea bajeti. Hakuna kufukuzana, hakuna lawama.

Nurudin akaweka kikombe chake chini.

— Aisee, — alisema Nurudin taratibu. — Kuna watu wanasomeshwa nje na hawarudi na wazo kama hilo.

— Tuhesabu, — alisema Nestory. — Mimi naleta mashemeji wawili.

— Mimi shangazi yangu wa Bukoba, — alisema Nurudin. — Na mbuzi wake.

— Mbuzi naye mgeni?

— Anakula, kwa hiyo anahesabiwa.

— Mbuzi aandikwe nusu, — aliamua Meya. — Baridi analeta mjomba. Vizuri.

— Na wewe Meya unaleta nani? — aliuliza Moza.

Meya akaangalia ndani ya kikombe chake.

— Mimi sileti mtu. Mimi nakaa kwa dada Rose. Na shemeji.

— Tangu lini?

— Kitambo kidogo.

— Kumbe mgeni ni wewe!

— Mgeni mzoefu, — alisahihisha Meya bila kupepesa. — Ndiyo maana naujua mfumo huu kutoka ndani.

Shida ikaja kwenye nani aanze. Kwenye mchezo wa akina mama kila mmoja anataka abebe wa kwanza. Hapa kila mmoja alitaka awe wa mwisho. Januari ndiyo iliyogombaniwa kukataliwa, maana ndio mwezi ambao ndugu hushuka mjini na watoto wa shule, wagonjwa waliokuwa wanasubiri sikukuu ziishe, na watafuta kazi wapya. Nestory alisema yeye Januari ana malaria. Nurudin alisema kwake choo kitakuwa kinazibuliwa mwezi mzima. Mwisho wakakubaliana kupiga kura. Nurudin akavua kofia yake, Moza akatoa visoda, vile vifuniko vya chupa, kwenye kreti, na Meya akaandika mwezi mmoja ndani ya kila kisoda kwa kalamu nene.

— Mkimaliza kuwagawana binadamu, — alisema Moza, — mnisaidie na kuosha vikombe.

Revocatus hakumsikia. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi moyo wake ulikuwa mwepesi. Hana haja tena ya kumwambia mzee chochote! Atamhamishia kwa Nestory, kutoka kwa Nestory aende kwa Nurudin, na Queen atapelekwa shule na paa litazibwa. Alikuwa anawaza atakavyomweleza Paskazia, pengine kwa sauti ya kujisifu kidogo, alipoona watu wote wamesimama.

Mzee Shigela alikuwa anateremka kutoka kwenye mawe, miwani myeusi usoni, mkono mmoja ukipapasa jiwe kabla ya kila hatua.

— Shikamoo mzee!

— Marahaba, wanangu, marahaba. — Alipewa nafasi katikati ya benchi, akakaa. — Nimesikia mnataja miezi. Mnacheza nini?

Revocatus alimtolea Meya macho ya kumwomba anyamaze. Lakini Meya hajawahi kunyamaza hata msibani.

— Mchezo, mzee. Kila mwezi nyumba moja inapokea wageni.

— Wageni? Mnapangiana wageni?

— Ndiyo, mzee.

— Na kila nyumba inapata?

— Kila nyumba.

Mzee Shigela akavua miwani. Uso ulikuwa umechanua kama wa mtu aliyeitiwa harusi.

— Revo, jambo zuri namna hii hukuniambia? Na mimi si nina nyumba? Vyumba vitatu, baba. Tangu tumzike mama Chenge hajalala mtu mle ndani ila mimi. Chenge yuko Kahama na kazi zake, Tereza kaolewa Geita. Wewe mwenyewe ulikuja mazikoni ukawahi gari la jioni, na sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini kule jua likizama napika, nakula, nalala. Mtu wa kumwambia hata kwamba mboga imezidi chumvi, hakuna. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kwako. Kwako kuna kelele.

Mzee akainyoosha mikono mpaka akaigusa kofia ya Nurudin, akatumbukiza mkono, akachambuachambua kwa furaha, akatoka na kisoda kimoja. Akampa mpwa wake.

— Nisomee, macho bado hayajakaa sawa.

Revocatus alikigeuza.

— Januari, mjomba.

— Januari! Si wiki ijayo tu? Basi kesho nawahi gari la asubuhi. Nikafagie, nikaanike magodoro, nimwambie jirani asiuze ule mchele wote.

Maneno aliyoyatafuta Revocatus siku nzima yalikuwa yametamkwa, tena na mzee mwenyewe, na hakupata nafuu yoyote. Alipata aibu. Moza alikuwa amegeuka upande wa jiko, anapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

— Haya, na mimi nijipange, — alisema mzee Shigela. — Wanakuja tarehe ngapi? Na nipike wali wa watu wangapi?

Revocatus alimtazama Nestory. Nestory akamtazama Nurudin, na Nurudin akaiangalia kofia yake. Mzee akabaki amewageukia, vidole vya mkono mmoja amevinyoosha, tayari kuhesabu.